Kidole Gumba

Kazi yangu haikuwa na jina ambalo mama angelielewa.
Nilimwambia: nasukuma maneno.
Akauliza: kwa mkokoteni?
Nikacheka, lakini hakukosea sana.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji pale Ngala,
nilikaa gizani karibu na kamera,
kidole gumba juu ya kigurudumu kidogo kama kifungo cha koti,
na maneno yakapanda kiooni, mstari kwa mstari,
mbele ya macho ya Changawa,
naye akawapa Malindi nzima habari za saa moja
kana kwamba zinamtoka moyoni.

Watu walimjua kwa sauti. Mimi nilimjua kwa pumzi.
Nilijua anapomeza mate kabla ya takwimu,
nilijua neno "halmashauri" humkwaza akiwa na njaa,
na kwamba Ijumaa husoma mbio, ana gari la kuwahi kwenda Marafa.
Akienda mbio, nakwenda mbio. Akikohoa, nasimama.
Usidhani nilikuwa mfuasi tu. Mara nyingine mimi ndiye niliyemvuta,
naye asijue, kama mtu anayejisifu leo nimetembea vizuri,
kumbe njia ilikuwa mteremko.

Mwaka ule mto Sabaki ulipovunja kingo
orodha ilinifikia dakika mbili kabla ya kwenda hewani.
Majina saba. La tano: Sidi Mwaringa,
dada yake wa tumbo moja.
Nilikuwa na kidole kimoja na muda wa kufumba jicho.
Nikafuta.
Nikasahau kwamba juu yake paliandikwa: watu saba.
Changawa akasoma majina sita, akanyamaza.
Akatazama kiooni, yaani alinitazama mimi.
Majumbani walidhani mitambo imekufa.
"Nani?" akauliza, hewani, bila kusogeza kichwa.
Tukaingiza tangazo la magodoro.

Hatukulizungumza kamwe. Ila tangu siku hiyo
kila jioni niliikuta karatasi ya viazi karai mezani pangu,
vya moto, pilipili kando, bila salamu.

Barua za kuachishwa zilikuja kwa simu;
hata karatasi walituonea choyo.
Kamera zikanunuliwa na mpiga picha za harusi wa Maweni,
taa zikaenda kanisani,
na kile kioo changu nilikiona tena kwa kinyozi, Kisumu Ndogo,
wateja wakikaguliwa visogo.
Famau wa sauti anafunga spika kwenye tuktuk.
Dama hujirekodi mwenyewe, hujiuliza mwenyewe, hujijibu,
simu ameiegemeza kwenye chupa ya siki,
na usiku huhesabu waliomtazama
kama mwenye kibanda ahesabuye chenji.

Habari za saa moja bado zipo.
Zinasomwa na mwanamke ambaye hakuzaliwa.
Uso wake hauna jasho hata Februari.
Kiswahili chake kimenyooka kama kilichopigwa rula;
halmashauri haimkwazi, majina ya maiti hayamkwazi,
hamezi mate popote.
Nilimtazama mara moja tu. Kidole kilitafuta kituo,
kikakosa.

Na sasa kila mtu ana kidole kama changu.
Kwenye foleni ya hospitali, matangani, mpaka kwenye mahubiri,
wanasukuma. Kazi yangu mji mzima umeigawana,
bila mshahara,
maneno yanapanda, yanapanda,
na hakuna anayemsubiri mtu apumue.

Jana nilimkuta Changawa nje ya ofisi ya ardhi, mvi zimemjia.
Akaanza kunieleza kesi ya shamba la baba yao,
nani anadai kipande kipi, mkorosho upi ni mpaka,
na alipofika kwenye fungu la Sidi
akakwama.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni.
Kidole kikasimama chenyewe,
kikamngoja.